Nembo inajikunja kwenye form six: kitambaa gani kinafaa kudarizi kwa mashine?

Mkuu, umeuliza kwa nini nembo kwenye kadeti inatoka fresh ila ukihamia kwenye form six (zile fulana za kuvutika) inajikunja, na mtu aanze na kitambaa gani. Mi nadarizi sare za shule na fulana za vikundi hapa Dar, nakujibu ninavyojua.

Anza na kadeti, jinzi au tetroni la sare, havivutiki ndo maana havisumbui. Chini weka karatasi ya kuchana, yaani ile ya kushikilia kitambaa ambayo ukimaliza unaichana, bana kwenye fremu mpaka ilie kama ngoma, piga kazi. Sasa form six inavutika, ukiikaza hivyohivyo unadarizi ikiwa imevutwa, ukitoa fremu kitambaa kinarudi saizi yake ila nembo hairudi, ndo hiyo mikunjo unayoiona. Laza tu ikae flati usivute, na chini weka karatasi ile ya kukata na mkasi, inayobaki nyuma ya nembo, maana ya kuchana ukishafua fua inaachia na nembo inakosa kitu cha kuishika. Gharama inapanda kidogo, mpigie mteja humohumo kwenye bei.

Sindano saizi 75/11 ndo ya kawaida ila kwa form six na sweta tafuta yenye ncha ya mviringo, inapita katikati ya nyuzi. Ya ncha kali inazikata, mteja akifua anakuta vitobo pembeni ya herufi.

Halafu anayekutengenezea dizaini mwambie inaenda kwenye kitambaa gani!! Kujaza nyuzi kwa nafasi ya milimita 0.4 kati ya mstari na mstari kwenye kadeti safi kabisa, ila kwenye silki laini la madira nembo inakuwa ngumu na kitambaa kinavutwa chini, apunguze wingi wa nyuzi. Shifoni kwa anayeanza kataa tu hiyo oda.

Taulo na sweta la manyoya juu tandika ile nailoni ya kuyeyuka kwenye maji, bila hivyo herufi zinazama.

Uzi wa rayoni unang'aa balaa, lakini sare ya shule lazima ikutane na jiki na hapo rangi inakimbia. Chukua uzi wa poliesta namba 40 (hiyo namba ni ya unene), ila wateja wapige pasi kwa nyuma hasa hizi za mkaa, moto ukizidi poliesta inaharibika.

Weka picha ya hiyo nembo na upande wa nyuma pia, tuone ulitumia karatasi gani.