Wadogo zangu wa SOC (kitengo cha kufuatilia usalama wa mifumo), sdbinst sio kelele

Jana nimemwona dogo anafunga alati ya sdbinst.exe, zana ya Windows ya kusajili shimu, ndani ya sekunde nne, kaandika "kawaida ya Windows". Nikataka kumfokea nikakumbuka hilo kosa baba yake ni mimi.

1. Shimu, kiraka kinachokaa kati ya programu na Windows, ni kitu halali, Windows wameiweka ili programu za zamani zisife, na hapo ndo utamu wa mshambuliaji ulipo. Akishapata admin anasajili .sdb yake (faili la shimu), basi kila programu aliyoilenga ikiwaka na yeye yumo. FIN7, genge la wahalifu wa mtandaoni, mwaka 2017 waliichezea services.exe (inayosimamia sevisi za Windows) hivyohivyo, na kwenye orodha ya programu shimu yao ikasomeka Microsoft KB2832077, yaani sasisho, nani ataliuliza?

2. Usiandike eksklusheni (rulu ya kupuuza alati) ukiwa na usingizi. Mimi niliandika. Tulikuwa tunasambaza shimu za programu moja kuukuu kwenye mashine kibao, alati zinalia usiku kucha, nikasema liwalo na liwe, nikaitoa sdbinst.exe nzima, faili lolote, mzazi yeyote (programu iliyoiwasha), na sio kwenye SIEM tu, zinakokusanywa logi na alati, hadi kwenye konfigi ya Sysmon, inayorekodi matukio ya mashine yenyewe. Baadaye seva moja ikaanza kuongea na nje kila programu fulani ikifunguliwa. Tukapekua maficho ya kawaida, Run keys, sevisi, task za ratiba, kweupe. Siku tatu! Tukawalaumu watu wa netiweki, mimi nikiwa wa kwanza kwa sauti. Halafu intani akauliza kwa upole, "kaka, mbona sdbinst haionekani kwenye logi hata mara moja?" Nilihisi masikio yanawaka. Rulu ina jina langu na komenti yangu: "kelele tu". Logi za kuonyesha nani aliendesha nini hazikuwepo kabisa, tukabaki na DatabaseInstallTimeStamp kwenye rejistri (muda shimu iliposajiliwa) kama shahidi wa mwisho.

3. Angalieni folda ya AppPatch\Custom na Custom64 iliyo ndani yake, na kwenye rejistri, chini ya AppCompatFlags, funguo mbili, Custom na InstalledSDB. Ivent za Sysmon ni 1 (programu kuanza), 11 (faili kuundwa) na 13 (rejistri kuandikwa). Kuna wanaoandika rejistri moja kwa moja bila kuigusa sdbinst, kwa hiyo ivent ya 1 peke yake haitoshi.

4. sysmain.sdb ni ya mfumo wenyewe, msije mkaifuta kwa ushujaa.

5. Kabla ya kufunga tazama mzazi. Dogo, ile ya jana ifungue tena, mzazi wake alikuwa powershell na faili lilitoka Temp.