Kufuatilia rekodi za madereva California: nani analipa?
Kwa sehemu kubwa ni mwajiri, si bajeti ya jimbo. Mfumo wa California wa kumtaarifu mwajiri kuhusu rekodi za madereva wake unaitwa Employer Pull Notice, uko chini ya DMV (idara ya magari ya jimbo), na kifungu cha 1808.1 cha sheria ya magari kinamlazimu mwenye malori au mabasi kuwaandikisha madereva wake. Nilikuwa nikiwaandikisha wa kampuni moja ndogo: dola 5 kwa kila dereva, halafu dola 1 kwa kila ripoti. Ripoti hutoka dereva anapoandikishwa, kila mwaka, na pia dereva akipata ajali, akitiwa hatiani au leseni ikisimamishwa.

Jimbo huumia zaidi mwanzoni, kwenye kurekebisha programu za kompyuta. Lakini kuna jambo watu hulisahau: majimbo huuza rekodi hizo. Mwajiri akishapewa taarifa kila kinapotokea kitu, ana sababu gani ya kununua rekodi nzima kila mara? Hapo mapato yanaweza kupungua hata kama gharama haikuongezeka. Ada hizo za dola 5 na dola 1 lakini ni za California tu, kila jimbo lina zake.