Mimba miezi mitano na nalia kila usiku, hii maindifulnesi inasaidia kweli? (jibu langu refu kidogo)

Mdogo wangu umesema mume yuko Ukerewe wiki mbili mbili, usiku unalia hata hujui unalilia nini, na shoga yako kakwambia ufanye maindifulnesi, yani kuweka akili kwenye kitu kimoja cha sasa hivi, kama pumzi yako, unauliza kama ni kitu cha kweli au mambo ya wazungu tu. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe hapa Kirumba, Mwanza, mtoto sahivi ana mwaka na nusu anavunja vikombe vyangu.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki kama 11. Kwahiyo hii ya pili ilipoingia sikufurahi hata, watu wakisema hongera naitikia asante hafu naenda chooni kuangalia kama kuna damu. Na unajua mjamzito anaenda chooni mara ngapi kwa siku, sasa piga hesabu hiyo hofu.

Nikapata mazoezi YouTube, lala chali, fumba macho, hesabu pumzi. Nilikuwa mwezi wa saba, dakika chache tu kichwa kinazunguka, jasho linanitoka, nikajua ndo nakufa. Kliniki nesi akacheka sana, akasema tumbo likishakuwa kubwa ukilala chali mji wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, lala ubavu au kaa. Zile video nyingi wametengenezewa watu wasio na tumbo jamani.

Hafu kuhesabu pumzi kwenyewe kulinishinda, kuna wanaotulia nako lakini mie nikianza kusikiliza mwili nasikiliza kila kitu, mtoto kacheza, hajacheza, mbona kimya. Kilichonisaidia ni dagaa. Nilikuwa nachukua dagaa soko la Mwaloni nachambua nyumbani nauza kwa kipimo, basi nikiwa kwenye ungo macho kwenye dagaa, vidole kwenye dagaa, natoa mchanga, natoa vijiwe, wazo likija kwamba na hii itatoka sibishani nalo, nasema haya umekuja, narudi kwenye dagaa. Linakuja tena, narudi tena, hata mara hamsini. Mdogo wangu wa kike anayesomea unesi ndo akaniambia dada hiyo ndo maindifulnesi yenyewe, kuna Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa kule Massachusetts mwaka 1979, anawapa zabibu kavu moja waishike, wainuse, waile polepoleee. Wao zabibu mie dagaa, sawa tu. Yani sio kufukuza mawazo, ni kuyaona yanapita bila kupanda nayo.

Ila sikudanganyi kwamba dagaa ndo waliniponya. Huyohuyo mdogo wangu siku moja akaniuliza maswali 10 wanayotumia kwa wajawazito na waliojifungua, yalitungwa Scotland miaka ya 1980, yanahusu siku 7 zilizopita, umeweza kucheka, umeogopa bila sababu ya maana, hivyo hivyo, na la mwisho kama umewaza kujidhuru. Nikawa najibu kimasihara mpaka akafika kwenye kujilaumu. Hapo nililia mpaka kwikwi. Maana nilikuwa naamini mimba ya kwanza niliitoa mwenyewe kwa kubeba ndoo za maji, nyumba yetu iko juu kwenye mawe, na sikuwahi kumwambia mtu. Akanipeleka kwa nesi wake, nesi akanieleza kwamba mimba nyingi zinazotoka mapema hivyo ni kromosomu, vile vinavyobeba urithi wa wazazi, zilikuwa na kasoro tangu mwanzo, ndoo haihusiki. Pumzi isingenipa hilo jibu hata ningepumua mwaka mzima.

Kwahiyo jaribu, kwenye foleni ya kliniki vuta pumzi kawaida hafu itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, mapigo ya moyo yanashuka kweli. Ila kama kulia kunafika wiki mbili, huli, hulali, mwambie nesi wazi usisubiri akuulize, na wazo la kujidhuru likija ni siku hiyohiyo. Mtoto akishaanza kucheza vizuri hafu akapunguza, usikae kutafuta utulivu, nenda hospitali. Na wanaokwambia usilie utamharibu mtoto wapuuze, mama mkwe alinambia hivyo nikaongeza kulia.

Hujasema kama mume anajua. Wangu alikuwa hajui, alidhani ni dagaa wananiwasha macho. Huyo akishuka kwenye feri mwambie kabla hajala.