Steringi wa Salaam-e-Ishq ni nani?

SWALI: Ugonile anti! Mi nipo Uyole, Mbeya. Mjomba alienda Mwanjelwa kurushiwa muvi za Kihindi kwenye flashi, moja ndo hii Salaam-e-Ishq. Tumekaa tunaangalia, kaanza Salman Khan, mara Anil Kapoor yupo London, mara John Abraham mkewe kapata ajali, mara Govinda na teksi yake, mjomba akasema huyu kijana katuunganishia muvi sita kwenye faili moja, anataka arudi akagombane naye. Kwani steringi ni nani humu? Na mbona haiishi?

JIBU: Ugonile mwanangu. Mwambie mjomba amuache kijana wa watu, flashi haina shida hata kidogo, muvi yenyewe ndo ilivyo. Ilitoka Januari 2007, dairekta ni Nikhil Advani, yule aliyetengeneza muvi ya Kal Ho Naa Ho, akaamua kukusanya kapo sita kila moja na stori yake halafu anakurusha huku na huku, ndo maana inapita masaa 3 na nusu.

Steringi hakuna. Watu wanasema Salman kwa sababu ya jina, ila ukiangalia vizuri ile sehemu yao ni ya Priyanka Chopra, dansa anayetafuta umaarufu anawadanganya waandishi kwamba ana mchumba anaitwa Rahul, kumbe anajitokeza mtu kweli anasema Rahul ndo mimi! Anil Kapoor yupo na Juhi Chawla, mume wa watu kachoka na ndoa anaanza kuangalia nje. Akshaye Khanna anaogopa kumuoa Ayesha Takia, huyo mi alinichosha mapema.

Ukinilazimisha nichague nampa Vidya Balan. Kapoteza kumbukumbu kwenye ajali ya treni, mume wake John hamkumbuki kabisa, na yule kaka inabidi aanze kumtongoza upya mke wake mwenyewe, jamani! Muvi ni ya kuchekesha lakini hapo andaa leso. Kwa kucheka mfuate Govinda, dereva teksi wa Delhi anamzungusha mzungu anayemtafuta mpenzi wake aliyekuja India kuoa mwingine, na njiani dereva mwenyewe anazama kwenye penzi la huyo mzungu.

SWALI: Anti, huyo mzungu wa Govinda ni nani? Mbona kwenye za Kihindi nyingine simuoni? Msomaji, Njombe.

JIBU: Anaitwa Shannon Esra, na wala hajatoka Ulaya, ni mwigizaji wa Afrika Kusini, kwa hiyo ni wa bara letu hilihili. Kusimama na Govinda kwenye komedi bila kumezwa sio mchezo na yeye kajitahidi.

Halafu wewe wa Uyole, kapo ya sita ni Sohail Khan, mdogo wake Salman wa damu kabisa, na Isha Koppikar. Wao ni maharusi wapya, kila wakitaka kuwa peke yao linatokea jambo, na utani wao wote ni huohuo mwanzo mwisho. Kwa hiyo kama mjomba anataka kurudia hiyo muvi sebuleni na familia nzima, rimoti kaa nayo wewe.