Jibu: Stempu za babu zimegandana, nifanyeje?

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Lamu. Kumbe ni zile za Jubilii ya 1935, yaani miaka 25 ya utawala wa Mfalme George wa Tano, za Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye Kasri la Windsor, na unyevu wa kashani umezigandisha. Kwanza tazama muhuri wa posta. Zikiwa nao, ziloweke tu kwenye maji vuguvugu. Kama hazina, usizitie maji hata tone. Gundi ya nyuma ndiyo thamani yake. Weka sponji iliyolowa ndani ya kopo, stempu uziinue juu ya kizibo kidogo humo ndani zisiguse sponji, kisha funika kopo. Mimi hapa Malindi huchungulia kila baada ya saa. Pembe zikianza kujikunja, ziachanishe kwa kibano, polepole. Zangu za 1946, zenye Bunge la London, nilizivuta kwa pupa, moja ikachanika pale pale usoni pa mfalme. Kuhusu bei, siwezi kuitaja bila kuziona.