Mheshimiwa Kaleta Jezi, Sasa Anataka na Jina

Barua za mwezi huu zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinauliza kuhusu timu kubeba jina la mwanasiasa. Tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Timu yetu ya hapa Mwanga, Kigoma, ipo ligi ya wilaya. Mheshimiwa mmoja ametupa seti mbili za jezi na mipira minne, na ameahidi nauli ya msimu mzima. Sasa wapambe wake wanasema timu ibebe jina lake. Vijana wamekubali. Wazee wawili wa kamati wamegoma kwa sababu wao ni wa chama kingine. Nifanye nini?
*Katibu wa timu, Mwanga*

JIBU: Ndugu Katibu, pole na majukumu. Tunaona msimpe jina. Sababu yetu haihusu ubaya wala uzuri wake, maana hata angekuwa malaika tungejibu hivi hivi.

Pigeni hesabu ya mnachopokea na mnachotoa. Jezi za ligi ya wilaya, zikifuliwa kila wiki kwa sabuni ya mche na kuanikwa kwenye jua la Kigoma, huanza kubanduka namba kabla msimu wa pili haujaisha. Jina litakuwa bado lipo kwenye cheti cha usajili, kwenye muhuri, kwenye akaunti ya benki na kwenye leseni za wachezaji. Mnauza kitu cha miaka kwa bei ya kitu cha msimu.

Halafu siasa ina kalenda yake. Uchaguzi mkuu huja kila baada ya miaka mitano. Akishindwa, nauli inakatika, na aliyemshinda hatatoa hata jozi ya soksi kwa timu yenye jina la mtu aliyemwangusha. Akihama chama, nusu ya mashabiki wanabaki hawajui washangilie au wanune. Ghana waliliona hili kwa ukubwa wake. Mwaka 1961 iliundwa klabu ya Real Republicans chini ya mkono wa Rais Kwame Nkrumah, watu wakaiita kwa cheo chake, klabu ya Osagyefo. Wachezaji wazuri walichukuliwa kutoka klabu nyingine ili kuijaza, na vikombe vikaja. Februari 1966 Nkrumah akapinduliwa, na klabu ikavunjwa. Ilikuwa na uwezo wa kuendelea kucheza, ila haikuwa na wenyewe zaidi ya mtu mmoja.

Mheshimiwa mpeni vitu ambavyo vina mwisho. Cha kwanza ni ulezi wa timu, kwa barua yenye muda, mwaka mmoja unaoweza kurefushwa. Cha pili, na ndicho tunachokipenda zaidi, ni kombe. Mashindano ya timu nane za kata kwa wiki mbili yakiitwa kwa jina lake, jina linatangazwa kwenye kipaza sauti kila jioni, anakabidhi zawadi, anapigwa picha, na mambo yanaishia hapo. Cha tatu, kama ana duka la vifaa vya ujenzi au mitumbwi ya dagaa, tangazo la biashara hiyo likae kifuani. Biashara ni mdhamini kama mdhamini mwingine.

Yote hayo yaandikwe kwenye mkataba wa kurasa mbili: ametoa nini na lini, klabu inatoa nini na hadi lini, na sentensi moja isiyokosekana, kwamba vifaa vikishakabidhiwa ni mali ya klabu na havirudishwi. Viingizeni kwenye daftari la mali siku hiyo hiyo, mtoaji na mtunza vifaa wasaini. Timu nyingi za mchangani zimefuatwa na wapambe baada ya matokeo ya kura, wakidai mipira.

Ikiwa wanachama bado wanalitaka jina, basi lipite njia yake. Mwenye mamlaka ni mkutano mkuu, si kamati. Toeni taarifa kwa siku zilizotajwa na katiba yenu, ajenda ya jina iandikwe wazi (isifichwe kwenye "mengineyo"), hakikisheni akidi, kisha kura ya siri. Katiba nyingi hutaka theluthi mbili ili kubadili kifungu cha jina, kwa hiyo someni yenu. Baada ya hapo barua ya maombi, muhtasari, orodha ya waliohudhuria yenye saini zao na katiba iliyorekebishwa viende kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, mkianzia kwa Afisa Michezo wa wilaya. Nakala iende chama cha soka cha wilaya na cha mkoa.

Maombi hukwama kwa mambo madogo. Orodha imejaa wachezaji ambao hawana kadi ya uanachama. Muhtasari una saini ya katibu bila ya mwenyekiti. Au jezi zimeshachapwa jina jipya wakati cheti bado kina la zamani, na mpinzani wenu anakata rufaa. Tena msibadili katikati ya msimu.

Na ridhaa ya mwenye jina iwe ya maandishi, hata kama yeye ndiye aliyeomba, kwa sababu jina lake nalo linaweza kuchafuliwa na klabu. Soweto, miaka ya 1980, palikuwa na Mandela United. Nelson Mandela alikuwa gerezani, na vijana wa klabu hiyo walikuwa walinzi wa mkewe, Winnie. Kijana Stompie Seipei aliuawa, na kocha wa klabu akatiwa hatiani kwa mauaji hayo. Katika barua ya ridhaa wekeni kifungu cha kutokea: jina linakoma mwenye nalo akitaka, au mkutano mkuu ukiamua.

SWALI: Basi jina tuliache. Picha yake kifuani je?
*Mshambuliaji, Gungu*

JIBU: Hapana. Sheria ya 4 ya soka inakataza vazi la mchezaji kuwa na ujumbe au picha ya kisiasa, ya kidini au ya mtu binafsi, na ufafanuzi wake unataja mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa, isipokuwa jina hilo likiwa sehemu ya jina rasmi la mashindano. Unaona kwa nini tumemshauri katibu wako suala la kombe. Waamuzi wa ligi ya wilaya wakati mwingine hulifumbia macho. Wa ngazi ya mkoa watawaambia mgeuze jezi, na namba zitaingia ndani.

SWALI: Huku Urambo tunataka timu iitwe Mirambo. Mzee mmoja kutoka Tabora mjini anasema huyo alikuwa mporaji, tusimtukuze. Nani yuko sahihi?
*Kamati ya vijana, Urambo*

JIBU: Wote, na bado mnaweza kulitumia. Mtemi Mirambo alifariki Desemba 1884. Hana chama, hana kampeni, hatawaletea jezi wala kuzidai. Hapo mmekwishaepuka hatari kubwa tuliyomweleza Katibu wa Mwanga.

Mzee naye hajatunga. Mirambo alijenga dola yake kwa bunduki, pembe za ndovu na rugaruga, yaani wapiganaji wake, walioteketeza vijiji vya watu. Vita yake na Waarabu wa Tabora ya 1871 ilifunga njia ya Ujiji, hata Henry Morton Stanley, aliyejiingiza kupigana upande wa Waarabu, ikambidi azungukie kusini. Kwenu ni mtemi aliyewasimamia wenyeji dhidi ya wafanyabiashara wa misafara. Kwa wenye asili ya Unyanyembe, yaani himaya ya Tabora, ni adui aliyewashambulia. Unyanyembe nao wana wao, Mtemi Isike, ambaye Januari 1893 alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Wajerumani walipoingia. Siku Tabora mjini watakapoanzisha timu ya Isike icheze na Mirambo ya Urambo, sisi tutanunua tiketi mapema.

Dunia ina mifano ya namna hii iliyodumu. Colo-Colo ya Chile, ya tangu 1925, imebeba jina la kiongozi wa Wamapuche, na kichwa chake ndicho nembo. Gor Mahia ya Kenya, ya 1968, imebeba la mganga na kiongozi maarufu wa Waluo. Majina hayo yalishika kwa sababu wenye timu waliyaona ni yao tangu siku ya kwanza, hawakupewa na mtu.

Tatizo lenu la kweli ni jingine: jina limeshatumika sana. Tabora kuna Sekondari ya Milambo, na ilikuwapo timu ya soka ya Milambo. Usajili unaweza kukwama kwa jina kufanana na lililopo. Ongezeni mahali, mfano Mirambo ya Usoke, na pelekeni majina matatu kwa mpangilio wa mnavyoyapenda, ili la kwanza likikataliwa msirudi kuitisha mkutano upya. Kaeni pia na wazee wa ukoo wa mtemi kabla ya kuchora nembo. Kisheria huenda halihitajiki, lakini siku ya uzinduzi mtawataka waje.

SWALI: Mbona viwanja vina majina ya wanasiasa na hamlalamiki? Sheikh Amri Abeid ni wa Ujiji na uwanja wake uko Arusha.
*Msomaji, Ujiji*

JIBU: Kweli kabisa, Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa mshairi, meya wa Dar es Salaam na waziri, akafariki 1964. Mbeya wana Sokoine, Iringa wana Samora, Tabora wana Ali Hassan Mwinyi, na Uwanja wa Taifa ukawa Benjamin Mkapa mwaka 2020 alipofariki. Tofauti ni kwamba uwanja hauna mpinzani. Simba na Yanga wote wanaingia kwa Mkapa, kila mmoja na mashabiki wake. Klabu inazomewa, inafungwa, inashuka daraja, na kila mara jina la mtu linatajwa kwenye matusi ya jukwaani. Familia nyingi zikielezwa hilo hubadili mawazo.

Hata hivyo viwanja navyo haviko salama. Malawi walipoingia vyama vingi mwaka 1994, Uwanja wa Kamuzu kule Blantyre, wenye jina la Rais Kamuzu Banda, ukaitwa Chichiri, kisha 2004 ukarudishiwa jina la Kamuzu. Jirani zetu wa Bujumbura, uwanja wa Mwanamfalme Louis Rwagasore uligeuzwa kuwa Intwari, yaani Mashujaa, mwaka 2019. Na nyinyi wa Kigoma mna ushahidi majini: meli iliyoshushwa ziwani mwaka 1915 iliitwa Graf von Goetzen, jina la gavana wa Kijerumani aliyeongoza kuzimwa kwa Vita ya Majimaji. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na iliporudi kazini 1927 ikawa Liemba, jina la ziwa. Gavana amesahaulika Kigoma, huku Songea timu yao ikiitwa Majimaji.

SWALI: Sisi ni vijana wa Isevya, Tabora. Tunataka timu iitwe Gaddafi, kwa sababu alikuwa jasiri.
*Vijana wa Isevya*

JIBU: Pakistan wanao Uwanja wa Gaddafi, Lahore, uliopewa jina hilo mwaka 1974 baada ya yeye kuhutubia mkutano wa nchi za Kiislamu. Ameuawa 2011 na jina bado lipo, kwa hiyo inawezekana. Ila Lahore haikupigana naye. Katika Vita ya Kagera, mwaka 1979, Gaddafi alimpelekea Idi Amin askari, wakapambana na wa kwetu. Tabora ni mji wa jeshi, na wapo wazee waliokuwa huko. Kabla hamjachapa jezi, tafuteni mmoja mtaani kwenu mumwambie jina. Mkiweza kumtazama usoni na kulitaja, endeleeni.

Majina ya wakubwa wa nje huwa ya msimu. Mei 2018 klabu ya Beitar Jerusalem ya Israeli ilitangaza itaongeza jina la Trump kwenye lake, na halikushika. Grozny, mji mkuu wa Chechnya huko Urusi, ni tofauti: klabu ya Terek iligeuzwa Akhmat mwaka 2017, kwa jina la baba wa mtawala wa Chechnya, na limekaa kwa sababu mtawala ni yule yule.

SWALI: Tulishakosea, timu yetu ina jina la diwani wa zamani. Tunalitoaje bila kugombana?
*Mweka hazina, Kasulu*

JIBU: Mwandikieni kwanza kumshukuru, kabla hajasikia mtaani. Kisha fanyeni kati ya misimu, kwa hatua zile zile za Mwanga. Jina jipya liwe la mahali au la wengi. Kigoma mnayo timu ya Mashujaa, jina ambalo halijamtaja mtu na kila familia yenye askari inalidai. Kubadili jina si aibu: timu ya Tabora iliyopanda ikiitwa Kitayosce ikawa Tabora United, na 2025 ikawa TRA United.

Wewe mweka hazina kazi yako ni hii. Usifunge akaunti ya zamani hadi hundi na michango yote iingie. Peleka benki cheti kipya, muhtasari na barua ya watia saini ndipo jina libadilishwe. Madeni ya jina la zamani yaorodheshwe na kukubaliwa na mkutano, la sivyo mwenye basi mliyemkopa atawaambia hiyo klabu mpya haijui. Jezi za zamani zitumike mazoezini zikiwa zimegeuzwa. Muhuri wa zamani ukatwe mbele ya wajumbe, na iandikwe kwenye muhtasari kuwa umekatwa.