Sarafu imelika, au ndo ilivyotoka kiwandani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Babu kaniachia sarafu ya zamani ya fedha, mbele kichwa cha mfalme, nyuma tai. Mwaka na maandishi yote yanasomeka ila nywele za juu ya sikio zimekuwa bapa kabisa na kifua cha tai hakina manyoya. Rafiki yangu mmoja anasema ni EF (Extremely Fine, yaani imelika kidogo tu), mwingine anasema hata VF (Very Fine, imelika kiasi) haifiki. Nani mkweli? Na niisugue kwanza ing'ae?

JIBU: Marahaba. La kusugua nianze nalo maana ndo linaloniuma: usisugue, iwe dawa ya meno, majivu, limao, chochote kile, kwasababu ukisugua unaondoa ngozi ya juu ya madini na hairudi tena, na anayejua atakugundua mara moja akiona vimikwaruzo vyembamba vimelala upande mmoja na weupe uliosambaa sawasawa kila mahali huku weusi umebaki kwenye kona za herufi tu. Fedha ya zamani kuwa na rangi ya kijivu ni hali yake.

Sasa daraja, yaani sarafu imechakaa kiasi gani. Namba wanazotumia zilitokana na kipimo cha Sheldon cha mwaka 1949, kinaanza 1 mpaka 70, namba ikipanda uchakavu unapungua. Huyo Sheldon aliwatungia wakusanyaji wa sent kubwa za zamani za Marekani. G (Good, imelika sana) ni 4, VG (Very Good) ni 8, F (Fine) ni 12, VF inaanzia 20, EF 40, AU (About Uncirculated, karibu haijatumika) 50, na kuanzia 60 ni sarafu ambayo haijaguswa na matumizi. Maandishi kusomeka kusikupe kiburi, hata sarafu ya VG mara nyingi inasomeka vizuri tu. Kinachoamua ni sehemu zilizoinuka, maana ndo zinazosuguana mfukoni kwanza. Angalia sent 1 ya Marekani ya mwaka 1859 hadi 1909, ile yenye kichwa chenye manyoya: kwenye utepe wa kichwa kuna neno LIBERTY, likipotea lote ni G, zikionekana herufi chache ni VG, likisomeka sehemu kubwa ni F, likiwa kamili lakini limelika kidogo ni VF, likikaa kali kabisa ndo tunaongelea EF.

Kwa maelezo yako EF naikataa kabisa, nywele bapa haziwezi kufika huko kama zimelika. Ila hilo "kama" ndo penye kazi. Juu ya sikio na kifua cha tai mara nyingi vinatazamana, kimoja mbele kingine nyuma, kwahiyo wakati sarafu inagongwa kiwandani, yaani madini yanapigwa kati ya mihuri miwili ili yapate picha, yanatakiwa yajaze mashimo ya mihuri yote miwili kwa wakati mmoja na pigo likiwa hafifu hayafiki. Dola za Morgan, zile sarafu za zamani za fedha za Marekani, zilizogongwa New Orleans, zenye alama ya O, zinajulikana sana kwa hili, unakuta haijawahi kutumika lakini pale juu ya sikio hamna kitu!

Kwahiyo washa taa moja tu, zima zingine, shika sarafu kwa ukingo na uigeuzegeuze taratibu. Sehemu bapa ikiwa na mng'ao unaozunguka sawa na uwanja wake (sehemu tambarare isiyo na picha), ni pigo hafifu. Ikiwa imefifia, laini, rangi tofauti na pembeni, imelika. Na kama mng'ao umeshaisha kote basi tazama shavu, nyusi, ncha za taji na ukingo: vyote vikiwa vimelainika kwa pamoja ni matumizi, na hapo rafiki wa pili ndo mkweli, mi ningeiweka F. Vikiwa vikali na bapa ni pale pawili tu, inaweza kupanda VF. Lenzi ya kukuza mara 5 mpaka 10 inatosha, zaidi ya hapo unaanza kuona vitu visivyohusu daraja.

SWALI: Upande wa mbele mzuri, wa nyuma umechakaa. Nichukue wastani?

JIBU: Hapana, wengi tunatoa daraja la upande mbaya, hasa tofauti ikiwa kubwa. Au andika madaraja mawili, mbele na nyuma, anayenunua aone mwenyewe. Tundu au ukingo uliogongwa utaje pembeni ya daraja, usiufiche ndani yake. Na ukiihifadhi epuka vifuko laini vya PVC, vinaacha ute wa kijani na ule unakula madini.